Kikombe Nilichokiweka Chini

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Nakuhadithia wewe kwa sababu juzi umevaa magwanda ya polisi, na mimi niliyavaa kabla yako.

Tulikuwa tumetoka Unguja karibuni, nami nafanya kazi upande wa Samad Ash Shan, kule Omani. Akaja mkubwa mpya, mtu mkali, akasema rushwa kituoni petu basi. Amri yake ya kwanza: askari hali wala hanywi nyumbani kwa mshtakiwa. Nilifurahi, wallahi. Nilidhani uchafu wote utatoka kwa amri moja. Ujana!

Mtoto wa tajiri mmoja alimgonga kwa gari jirani yao, mzee Salim, mkulima, akamvunja mguu. Nikatumwa kwa tajiri kumwita mwanawe. Nikakaribishwa, nikamiminiwa kahawa. Nikakiweka kikombe chini, sikukinywa. Yule bwana akanitazama, akatabasamu.

"Abshir," akasema, yaani ondoa wasiwasi. "Haja yako imekidhiwa."

Nikaona amekubali kumleta kijana. Nikamshukuru, tena sana! Kutoka nje, namkuta mbuzi amefungwa nyuma ya gari langu, na mzee Salim amekaa mlangoni kwake, mguu ameunyoosha, ananitazama.

Kwetu Unguja usipokunywa kahawa, hukutaka kahawa, basi. Kule mgeni akiweka kikombe chini anasema: nina haja, sinywi mpaka unipe. Usilolijua ni usiku wa kiza. Nilidhani naikataa rushwa, kumbe naidai.

Mbuzi nilimrudisha palepale. Nikavuka njia kumweleza mzee Salim. Hakunigombeza, lakini hakuniamini.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mashtaka nimeyaacha. Nilikuwa nikikutegemea wewe."

Nikaapa, nikalia, hakuja tena kituoni. Alichechemea mpaka mwisho wa umri wake.

Nani alikosa? Mkubwa wangu alitaka kheri. Mila ni mila. Mimi sikula kitu. Sijui, mwanangu, na aibu ile bado ninayo.

Ninalojua ni hili. Mikono safi haitoshi kama aliyeonewa haioni. Ukikataa kitu, kataa kwa mdomo, mbele ya watu, na useme kwa nini. Jifunze mila za mji kabla hujataka kuusafisha. Na nyumba ya kwanza kuingia iwe ya aliyeumia.

Mola akupe uso wa kuaminika, na mzee Salim wako akusikilize kabla hajakata tamaa.