Waya wa Katikati

Kazi yangu ni kupima joto la vitu ambavyo watu hawadhani vina joto: zege na udongo. Mimi ni Mkenya, nina miaka sita Kampala, nakaa Nateete. Kwenye mjengo wa Luzira, kando ya ziwa, waliniita daktari kwa sababu ya kile kisanduku cha kusomea joto nilichokining'iniza shingoni. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyostahili.

Zege likishamwagwa halikauki tu kimya kimya. Linajipasha joto lenyewe. Msingi mnene kama ule wa Luzira, unaomfika mtu kifuani, huchemka ndani kwa siku kadhaa huku juu ukipigwa na upepo wa ziwa. Ndani kukiwa moto mno na juu baridi, zege hupasuka. Kwa hiyo kabla ya kumwaga tunafunga nyaya tatu kwenye nondo, mmoja karibu na uso, mmoja katikati na mmoja chini, halafu wa nne tunauzika kwenye udongo ulio chini ya msingi. Ncha ya kila waya ina kihisi joto. Ncha ya pili inatokeza nje, naichomeka kwenye kisanduku, nasoma, naandika. Katikati na juu zisipishane zaidi ya digrii ishirini. Zikizidi, zege hubaki limefunikwa.

Mwenye kulifunika alikuwa Hajati. Makka hakuwahi kufika, na mwenyewe alikuwa akituambia tusimsukume, safari ni ndefu. Alikuwa Mnubi, mama wa makamo, wa wale ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari. Yeye na wenzake watatu walimwagilia zege maji na kulifunika kwa magunia ya kahawa aliyoyashona mwenyewe, manne manne, yakawa mablanketi makubwa. Nguo za zege, aliyaita hivyo. Kazi hiyo ilikuwa ikimlisha tangu mumewe alipofariki, na wajukuu wawili juu yake.

Hajati naye alikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi aliinua pembe ya gunia, akashika nondo pale inapochomoza kwenye zege, akahesabu kwa Kinubi. Akifika kumi bila kuachia, nguo zinaweza kutolewa. Akiachia kabla, bado.

"Chuma inatoka tumboni," aliniambia. "Inaleta habari ya ndani."

Nilimcheka. Nilimwambia ajinunulie kisanduku. Hakukasirika, alinitazama tu kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti kibovu.

Sasa niseme nilichokifanya. Asubuhi ya kumwaga zege nilifunga waya wa juu, nikafunga wa chini kutokea pembeni, kukabaki wa katikati. Kuufikia ilibidi nivue ovaroli, nijipenyeze katikati ya nondo na kushuka hadi kiunoni, mahali penye kutu na nyaya zenye kuchoma. Lori la kwanza la zege lilikuwa tayari limeshaanza kupiga honi getini. Mhandisi, mtu mpole anayepaza sauti akichelewa tu, alikuwa anapaza sauti. Nililala kifudifudi juu ya nondo, nikateremsha mkono hadi ulipofika, na mkono wangu ulifika kiasi cha kiwiko. Nikafunga hapo. Kwenye kibandiko cha ule waya palishaandikwa KATIKATI. Nikakiacha hivyo hivyo, nikainuka, nikajipangusa kutu.

Siku ya tatu kisanduku kilionyesha hamsini na mbili "katikati", thelathini na nane juu. Tofauti ya digrii kumi na nne. Nilimpelekea mhandisi karatasi, naye akasema magunia yatoke ili mafundi waanze kupiga mistari ya nguzo.

Hajati alinijia mbio, kiganja kimewiva.

"Mimi nafika tano tu, naachia. Hii kitu iko na homa ndani. Hapana vua yeye nguo leo, bambi, naomba wewe. Ambia injinia angoje kesho."

"Hajati, mashine imesema."

"Mashine iko wapi? Iko ndani ama iko hapa juu na sisi?"

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Nikamwambia, kwa ukali ambao mpaka leo unaniuma, kwamba kazi yake ni magunia na kazi yangu ni joto. Akawaita wenzake, wakaanza kuyakunja magunia, na upepo wa ziwa ukapita moja kwa moja juu ya lile zege.

Asubuhi iliyofuata nyufa zilikuwa zimetambaa kutoka nguzo hadi nguzo, nyembamba kama nywele, kisha zikapanuka. Jirani na ziwa, ufa wa msingi si jambo la kupaka rangi ukaondoka. Kazi ilisimama. Tuliitwa kwenye kontena lililokuwa ofisi, na mhandisi akaiweka karatasi yangu mezani. Karatasi ilikuwa safi. Digrii kumi na nne. Kama joto halikuwa na kosa, alisema, basi kosa liko kwenye maji: zege halikumwagiliwa vya kutosha. Akamgeukia Hajati, akamuuliza kama ana la kusema.

Hajati hakumtazama mhandisi. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, mikono imelala mapajani, na mimi nikakitazama kisanduku changu kana kwamba kuna namba mpya.

"Sina," alisema.

Siku hiyo hiyo wote wanne walipigwa kalamu. Alibeba magunia yake kichwani, na getini walinzi walimpekua kana kwamba anaiba. Niliona. Nilikuwa umbali wa hatua kumi.

Miezi minane nilifanya kazi kama kawaida, nikala, nikalala. Kisha nikapata msingi mwingine, mdogo kidogo, upande wa Nakivubo. Safari hii nilivua ovaroli, nikashuka, nikafunga waya wa katikati katikati hasa. Siku ya tatu tofauti ilikuwa ishirini na saba. Magunia yakabaki siku nne zaidi, na zege halikupasuka hata mahali padogo. Kila asubuhi nilipochomeka kile kisanduku niliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu asitake kujiona kwenye kioo.

Nilimpata Hajati karibu na nyumbani kwangu, soko la Nateete, akishona midomo ya magunia ya mkaa kwa sindano ndefu. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea jerikani nikalie. Nilimweleza yote: ile honi, kile kiwiko, kile kibandiko. Nilimwomba msamaha.

Sindano haikusimama.

"Mimi niliona wewe," alisema. "Siku ile nilikuwa namwagia mbao za msingi maji. Wewe umelala kwa tumbo, mkono inafika hapa." Akagusa kiwiko chake kwa sindano. "Nikasema, mtoto wa watu, atarudi kufunga vizuri. Hukurudi. Nikasema, atasema mbele ya injinia. Nikangoja."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Nani angeamini? Wewe uko na karatasi, mimi niko na mkono." Akakata uzi kwa meno. "Tena ilikuwa yako kusema."

Nikamwambia tena, nisamehe, Hajati.

"Nimesikia. Lakini hapa soko hakuna mtu anasema mimi niliharibu msingi. Wewe unasema kwa watu wenye wanajua. Nenda sema kule. Kule ndiko hawajui."

Akavuta gunia jingine. Hakunifukuza, ila nikainuka.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda Luzira. Msingi ulikuwa umerekebishwa na jengo limeshafika ghorofa ya tatu, kontena bado lipo palepale. Nilimwomba mhandisi faili la msingi, nikaitafuta karatasi yangu, na mbele yake nikafuta kwa kalamu lile neno "katikati", nikaandika "karibu na juu", nikatia sahihi. Kisha nikamwambia kwamba Hajati alinizuia, na mimi sikusikia.

Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

Ningeweza kusema ni juzi, kule Nakivubo. Angeamini.

"Kabla zege halijamwagwa," nilisema.