Fundi Anayeziba Matangazo

Jirani yangu Mama Lucky alinionya kwamba yule fundi wa kompyuta hapa Olmotonyi anaharibu makusudi, eti ukimpa kompyuta inarudi haina intaneti. Nilimpelekea hivyo hivyo, maana gemu anayocheza mwanangu Nosim ilikuwa inamletea matangazo ya kubeti katikati. Fundi haongei sana. Alifungua gemu, akaweka mikono magotini kama mtu aliye kanisani, akasubiri tangazo litokee. Likitokea, anatafuta anwani linakotoka, anaiandika kwenye daftari, halafu anaikataza kompyuta isiifikie tena. "Gemu ni ya watu, siwezi kuigusa ndani," alisema. "Naziba njia tu." Mara akazidisha, akaziba na njia ya gemu yenyewe, ikagoma kufunguka. Akacheka kidogo, akafuta mstari mmoja kwenye orodha ya anwani alizoziba, ikafunguka.

Ndipo likaja tangazo la kubeti mpira: bonyeza ushinde. Mkono wake ukaenda kwenye mausi, ukatulia pale, kidole juu ya kitufe. Nikakohoa. Akageuza kiti haraka, akaangalia ukuta. "Hii kitu ilinimaliza, Mama Nosim," alisema taratibu. "Hata kwenye kompyuta yangu nimeiziba, ila neno la siri ninalo mwenyewe, kwa hiyo kila nikizidiwa nafungua." Alipomaliza ya kwangu, akavuta ya kwake, akafungua pale pa kubadilisha neno la siri, akasimama, akanipa mgongo. "Andika wewe. Usinitajie, hata nikija kwako kukupigia magoti."