Tausi wa Mguu wa Kijani

"Ya mama, hapana gusa," mlinzi aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na hapo subira yangu ikakatika. Ukutani, kwenye maonyesho ya sanaa katika ukumbi wa hoteli hapa mtaa wa Amarat, nchini kwetu, lilikuwa limetundikwa shuka la mama yangu mzazi. Chini yake kikaratasi: "Msanii hajulikani."

Nyinyi mliokulia kwenye kambi za wakimbizi Uganda mnaijua milaya, lile shuka la kutarizi ambalo mama zetu walilitandika mgeni akija tu. Sisi watoto tulilalia magunia, hata kulikalia hatukuruhusiwa. Jioni wakishona, sufuria ya samaki mkavu ikinukia, sisi tulicheza katikati yao mpaka vumbi likaingia kwenye meno. Siku moja mama alinituma uzi mwekundu, nikaupoteza mchezoni. Hakunichapa. Alisema, "Basi atatembea hivyo hivyo," akamshonea tausi wake mguu mmoja wa kijani.

Nilipokuwa darasa la tano tulipakiwa kwenye lori hadi Kampala kuona maonyesho haya haya ya sanaa za nchi nyingi. Waandaaji walikuwa wameliazima shuka la mama, na chini yake waliandika jina lake. Mwalimu alinisimamisha mbele, darasa zima likanipigia makofi. Litarudi, walisema. Mama alingoja miaka. Gari likisimama tu, anafuta mikono, anatoka nje. Tulipomzika, tulimfunika kwa shuka la kuazima kwa jirani.

Enzi zetu tulikitazama kitu mpaka mwalimu akatuvuta masikio. Vijana wa leo wanaligeuzia shuka mgongo, wanajipiga picha, wanaondoka. Aliyelitazama ni binti yangu wa miaka mitano tu.

"Mama, huyu ndege mguu umefanya nini?"

Nilimwambia mlinzi shuka ni la mama yangu, akamwita msimamizi. Msimamizi alikuja anatabasamu.

"Dada, una karatasi ya kuonyesha ni lenu?"

"Na wewe unayo ya kuonyesha ni lenu?"

Akanipa fomu ya malalamiko. Labda itaishia kufungiwa maandazi ya mtu. Niliijaza hata hivyo, nikadai igongwe muhuri mbele yangu:

"Shuka hili liliazimwa, halikutolewa. Aliyelishona ni Mama Poni, marehemu. Tulipokuwa wakimbizi mliandika jina lake. Leo tumerudi kwetu, mnasema hajulikani. Liandikeni jina, kisha mrudishe shuka. Shahidi: mimi bintiye, niliyepoteza uzi mwekundu."