Randa ya Mzee Rajabu na Fomu ya Bima

Nakumbuka Jumanne moja, pale mtaa wa Nakasero, niliposhuka ngazi za ghorofa nikiwa na penseli sikioni na futi mkononi, nikakuta mlango wa nyuma wa vani yangu uko wazi. Haukuwa umepigwa nyundo. Ulifunguliwa taratibu, na mtu anayeijua kazi yake. Drili, misumeno miwili, patasi zote, mashine ya msasa: hakuna. Kilichobaki ni vumbi la mbao na, kwenye kiti cha mbele, fomu ya bima niliyoibeba wiki tano. Mwizi hakuitaka.

Mwanangu, nina miaka thelathini na moja tu, na huenda unanipita kimo. Nakuita hivyo kwa sababu aliyeniita mimi hivyo hayupo tena, na neno lenyewe limebaki mdomoni mwangu likitafuta pa kwenda.

Useremala sikufundishwa. Nilijifunza kwa video za simu, nikirudisha nyuma kipande kilekile mpaka chaji iishe. Aliyenitazama ni Mzee Rajabu, Mnubi wa Kibuli, seremala mstaafu aliyekuwa akivuka barabara kila jioni kuja kuzicheka kabati zangu. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, alinipa randa yake ya mti. Pale alipokuwa akiweka dole gumba palikuwa pamelika, pakawa kishimo laini. Dole langu lilikuwa dogo kuliko kishimo kile, na mimi niliapa nitakijaza.

Sasa nikuambie kuhusu fomu, nawe unicheke ukitaka. Niliponunua vani niliona stika ya bima kwenye kioo, nikajua mambo yamekwisha. Baadaye dada mmoja wa ofisi ya bima alinisikia nikijivuna, akacheka, akaniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, hiyo ni ya mtu utakayemgonga. Vifaa vyako vina bima yake."

Akanipa fomu ya kuorodhesha vifaa. Mtu mwingine angeijaza palepale kaunta. Mimi niliandika orodha mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza herufi moja ilichafuka, na mara ya pili mistari ilipanda upande. Vifaa vyote thelathini niliviandika na namba zake. Cha thelathini na moja kilikuwa randa. Palipoandikwa "thamani" nilikwama. Nikiandika kidogo, namtukana Mzee. Nikiandika kiasi kikubwa, nadanganya. Yule dada alinipigia simu mara mbili.

"Nyabo, andika makadirio tu, au iache hiyo moja."

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema. Ijumaa zikapita.

Jumanne ile randa nayo iliibwa garini; baada ya kutoka polisi, sikuogopa kukosa kazi kama nilivyoogopa kurudi Kibuli kwa Mzee. Akilini niliona mlango wake ukifungwa mbele yangu. Nilizunguka mtaa ule kwa gari tupu mara nne kabla ya kuegesha. Alikuwa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, amekishika kwa mikono miwili ili kisimwagike.

Nilipiga magoti, nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikamwomba msamaha.

"Subiri," akasema. "Wewe ndiye umeiba?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mbona unaomba msamaha wa mwizi? Muachie na yeye kazi kidogo." Akanywa chai. "Hiyo bima uliniambia, imesema nini?"

Nilimpa fomu. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini, mpaka akafika kwenye nafasi iliyo wazi. Hapo uso wake ukabadilika.

"Uliviacha vitu thelathini bila bima kwa sababu ya mti wangu mmoja?"

Aliikunja fomu, akaniwekea mkononi.

"Mwanangu, nimekuona ukipiga randa mlango uliokwisha kunyooka, ukiupiga tena, mpaka unakuwa mwembamba. Nilinyamaza, nikadhani ni bidii. Nilikosea kunyamaza. Ni woga. Hawa watu wa bima hawakukuuliza Rajabu ana thamani gani kwako. Wamekuuliza bei. Bei ya ile ni ya kuni."

Nililia. Alinigombeza kwa kulia, kisha akanimiminia chai, nyingine ikamwagikia sahanini.

Kesho yake nilianza kazi kwa vifaa vya kuazima. Vyangu nilivinunua upya kimoja kimoja, na kila kimoja nilikiandikisha siku ileile, kwa mwandiko wowote uliotoka. Mzee aliishi mpaka mvua zilizofuata. Tangu hapo, nikiona meza ya vyuma vikuukuu barabarani, nasimama. Nashika kila randa na kupitisha dole gumba kwenye mti, nikitafuta kishimo. Wauzaji wananiuliza nataka ya saizi gani. Sijui niwajibu nini.

Wewe uliyenunua gari la kazi mwaka huu, nisikie. Stika ya kioo haivijui vifaa vyako. Nenda uvikatie bima yake, na uende leo, na mwandiko wako mbaya. Piga picha kila kifaa na namba yake. Uliza kama bima inalipia vifaa gari likiwa limeegeshwa barabarani mchana, au likiwa ndani ya geti tu, na kama watataka kuona kufuli lililovunjwa. Wakijibu, waombe waandike. Usipojua bei ya kitu, kadiria. Makadirio yatakulipa, nafasi iliyo wazi haikulipi.

Na kile kitu kimoja usichoweza kukiandikia bei, kitoe garini. Kilale ndani, karibu nawe. Bima hurudisha vinavyouzwa dukani. Hicho hakuna atakayekurudishia, na mimi nisingependa usimame kwenye meza zile kama ninavyosimama.

Mungu akupe kazi isiyokatika na mikono itakayochelewa kutetemeka. Na akupe mtu mzima wa kukugombeza, ukiwa bado na muda wa kumsikiliza.