Chale za Mama

Leo nikipiga pasi sketi ya shule, kaa la moto lilidondoka sakafuni, nikalimwagia maji. Harufu yake ikanirudisha shule ya vidudu, kule Temeke.

Mwalimu alitugawia vipande vya mkaa na karatasi za mifuko ya saruji, akatuambia kila mtu achore uso wake. Kioo hakikuwepo, hata nyumbani kwetu hatukuwa nacho. Nikachora macho, pua, mdomo, halafu chale za mashavuni, mistari iliyokunjana mpaka karibu na masikio, kama za mama na bibi.

"Wewe huna chale!" akacheka mtoto wa jirani. "Jishike uone!"

Nikajishika. Shavu lilikuwa laini tupu. Mwalimu aliwanyamazisha wenzangu, lakini mie sikuinua tena kichwa.

Nyumbani nikampa mama ile karatasi, nikamwomba anichanje.

"Hapana, mwanangu. Sie tulichanjwa kwetu, kusini. Hapa watakucheka."

"Sasa watu watajuaje mie ni wako?"

Mama aliokota kipande cha mkaa jikoni, akakilowesha, akanishika kidevu na kunichora mashavuni taratibu, mstari mmoja mmoja. Alipomaliza alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akachovya ncha ya khanga kwenye maji, akanifuta mistari yote.

"Haya, nenda kacheze."

Ile karatasi hakunirudishia.