Karatasi za Ami Chini ya Kawa

Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu babangu, alikuwa na taipureta. Wako wazee waliostaafu bandarini wakafuga njiwa, na wengine wakacheza bao barazani mpaka adhana ikawatenganisha. Yeye alistaafu akajinunulia taipureta ya mtumba, na tangu siku hiyo ukoo wetu haukupata raha.

Aliandika kila siku baada ya sala ya alfajiri. Nusu karatasi, haizidi. Juu Bismillahi, chini yake aya moja, kisha nasaha: buibui za siku hizi zinazobana, vijana na video, majirani wanaochelewa sala ya jamaa. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, siasa. Siasa ilikuja baadaye, mwanzo wa miaka ya tisini, vyama vingi ndiyo kwanza vimeruhusiwa, na Mji wa Kale ulikuwa umegawanyika pande mbili. Watu wa upande huu hawakwenda harusi za upande ule, na hata mazikoni walikuwako wanaosusa. Ami alikuwa na upande wake. Kwa mujibu wa karatasi zake, wa upande wa pili hawakuwa wamekosea chama tu, walikuwa wamekosea na njia ya peponi.

Akishaandika, huzipeleka akazinakilishe, kisha huanza kuzigawa. Jamaa zetu wa Kizingo walisalimika mapema, maana wao wana geti na bawabu, na karatasi iliishia kwa bawabu. Sisi mlango wetu ulifunguka moja kwa moja kichochoroni. Alikuwa akizipenyeza chini ya mlango, mpaka mamangu akaanza kuziba ule upenyo kwa leso kuukuu, akisingizia panya. Ramadhani ilipoingia tukajua kwamba alikuwa ametafuta njia nyingine.

Kwetu mwezi wa Ramadhani sahani hutembea. Mwenye muhogo wa nazi humpelekea mwenye tambi, na mwenye tambi humpelekea mwenye mbaazi. Sahani ya mtu huikatai hata kama mmegombana, na ukiirudisha huirudishi tupu. Basi ami akawa anatia karatasi yake, imekunjwa mara nne, kati ya sahani na kawa iliyoifunika. Utafanyaje? Utakataa futari? Tulikuwa tunafunua kawa kwa njaa, tunakutana na nasaha kwanza.

Na karatasi zenyewe hazitupiki. Mtu atasema, si uzitupe tu! Utatupaje jaani karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu? Kuzichoma kunataka mahali safi na mtu wa kusimama pale, kuzizamisha baharini kunataka mtu wa kwenda, na nyumbani kwetu tulikuwa wanawake wawili wenye kazi. Mke wa binamu yangu alithubutu siku moja kumfungia mwanawe mkate wa shule kwa karatasi mojawapo. Ami akaijua kutoka mbali, akakaa mwezi mzima hamwitikii salamu. Mamangu akashona foronya, akaitundika kwenye msumari nyuma ya kabati, na kila karatasi ikaingia humo. Miaka ilipopita ile foronya ilinenepa kuliko mto wenyewe.

Ningeweza kuishi na hayo mpaka leo. Lakini mwaka ule vyama vingi viliporuhusiwa, mimi niliposwa.

Aliyeniposa alikuwa karani wa gati ya Mbaraki, mtu mpole, hana chama wala hana makuu. Tulijuana kwa kazi. Mimi nilikuwa nikitunza mafaili katika afisi moja ya uwakala wa mizigo kule Shimanzi, katikati ya makelele ya malori, na yeye ndiye aliyekuwa akituletea stakabadhi za meli. Alizileta zimepangwa. Mtu asiyefanya kazi ya mafaili hawezi kujua jambo hilo lilivyonigusa moyo. Ila babake alikuwa mtu wa upande wa pili, tena si wa kificho, alikuwa ametundika bendera dirishani, na ami huiona kila anapokwenda msikitini.

Ami alisema neno moja tu kwa wajumbe wa posa: "Mtu wa nyumba ile simpi mkono."

Na mkono wake ndio uliotakiwa. Babangu alikuwa amekufa na sina kaka, kwa hivyo walii wangu ni yeye. Siku ya nikaha yeye ndiye wa kushikana mkono na bwana harusi na kutamka kwamba amemwoza. Hakuna mkono, hakuna ndoa. Wako waliotushauri twende kwa kadhi, lakini mamangu hakutaka kusikia. Binti aozwe na kadhi, na ami yake yu hai, mzima, mtaa wa pili? Wangetusema mpaka wajukuu.

Ramadhani ikaingia. Siku ya tatu ya mfungo ikaja sahani ya muhogo kutoka kwa ami, na chini ya kawa karatasi. Baada ya aya ilisema kwamba anayeoza kwa watu wa fitina ameikaribisha fitina kitandani. Hakutaja jina, wala hapakuwa na haja ya jina. Mamangu aliisoma akaitia katika foronya, akaninawisha mikono kama mtoto. Nilikula ule muhogo huku nalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, maana ulikuwa mtamu.

Jumamosi ile nilitoka kazini mapema. Nikaswali adhuhuri, nikaishusha foronya, nikaimwaga juu ya mkeka. Mamangu alidhani nataka kuzichoma, akasimama mlangoni mkono kifuani. Mimi nilikaa nikazipanga kama ninavyopanga mafaili ya afisini: za buibui huku, za majirani huku, za siasa huku, za ndoa mbele yangu. Nilizisoma moja moja, zote, mpaka alasiri ikanikuta. Sina hakika kama kuna mwingine Mombasa nzima aliyewahi kufanya hivyo. Na katika fungu la ndoa nikaikuta.

Ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Ami alikuwa amegombana na jirani yake muuza vitambaa, aliyemzuia binti wa marehemu kaka yake asiolewe na kijana wa watu kwa kuwa yeye hapatani na babake kijana. Ami alikuwa amewaka. Aliandika kwamba walii ni amana, si ufalme. Kwamba binti akijiwa na mtu wa dini na tabia njema, walii akamzuia kwa chuki zake na wazee wa kijana, basi amemdhulumu yatima, na kesho atasimama ajibu, wala asiseme hakuambiwa. Chini kabisa sahihi yake, na ule mkia mrefu aliouringia.

Nilimsomea mamangu kwa sauti.

"Iregeshe pale pale," akasema. "Wataka kutuvundia udugu?"

"Kwani nimeandika mimi, mama?"

"Yule ni ami yako. Babako akimwamkia kwa kuinama."

"Nami nitainama. Lakini sahani yake iko hapa kwetu, na hairudi tupu. Wewe ndiye ulonifunza."

Mamangu alinitazama sana. Alikwenda jikoni, na baada ya kitambo nikamsikia anapima unga wa kaimati, na kaimati ndicho kitu ambacho ami hawezi kukipitia. Nikajua nimepata ruhusa.

Nilipanga kaimati katika sahani yake, nikamwagia shira, nikaikunja ile karatasi mara nne kama akunjavyo yeye, nikaiweka juu ya kipande cha nailoni isipate shira, nikafunika kawa. Kwa kawaida sahani hupelekwa na mtoto yeyote aliye karibu. Mimi nilijifunga buibui nikaipeleka mwenyewe. Njiani nilijiambia maji nimeshayavulia nguo. Mke wa ami alinipokea mlangoni, akanishukuru, akaniombea heri. Maskini hakujua amebeba nini.

Siku ya kwanza hakuna jibu. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu mamangu alianza kuniangalia kama mtu aliyeuza nyumba ya watu. Mimi afisini nilitia faili la chai katika kabati la saruji, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niajiriwe. Nilikuwa nimemkosea mzee wangu katika mwezi mtukufu, na kama hasira yake ingeshinda, basi nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nilijuta. Usiku huo huo nikaacha kujuta. Asubuhi nikajuta tena.

Siku ya nne, dakika chache kabla ya magharibi, tulisikia kichochoro kimenyamaza. Wale wazee wa barazani, ambao hata mvua haiwanyamazishi, walinyamaza. Nilichungulia dirishani. Ami alikuwa anakuja, kanzu yake nyeupe, kofia yake ya kazi ya mkono, na mikononi amebeba sahani iliyofunikwa kawa. Mwanamume mzima wa rika lile, anabeba futari mwenyewe, mbele za watu! Mamangu alikaa kitako.

"Hodi."

"Karibu, ami. Masalkheri."

"Masalkheri, mwanangu. Pokea sahani, muhogo wapoa."

Alikaa kwenye kiti cha babangu. Akatoa ile karatasi mfukoni, imeingia shira kwenye pembe moja licha ya nailoni yangu.

"Hini nimeiandika mimi?"

"Ndiyo, ami. Wakati wa yule jirani muuza vitambaa."

Akaisoma tena, midomo inamchezacheza.

"Nimeiandika vyema," akasema.

Mamangu alikohoa ndani ya leso yake.

"Nimeiandika vyema sana. Wewe umeipata wapi?"

Nikaileta foronya, nikaiweka miguuni pake. Alitia mkono akatoa gao moja, akatoa la pili, akazigeuza karatasi kama mtu anayeangalia picha za zamani.

"Mmeziweka zote?"

"Hakuna hata moja ilotupwa, ami." Na huo ulikuwa ukweli mtupu, Mungu shahidi.

"Na umezisoma?"

"Nimezisoma zote." Hilo nalo lilikuwa kweli, tangu Jumamosi.

Ami alivua miwani. "Mke wangu hazisomi," akasema polepole. "Wanangu hawazisomi. Wadhani siyui? Wale wa Kizingo humpa bawabu. Nayua. Naandika tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ngurumo, na hilo sikulitarajia. Nilimhurumia kwa kweli, tena ghafla, mzee wangu na taipureta yake. Lakini kumhurumia mtu si kumwachia, na mimi sikumwachia.

"Basi ami, na hiyo ulonayo mkononi? Ulivyoandika ni kweli au si kweli?"

Aliifuta miwani kwa ncha ya kanzu. Huko nje hakukusikika hata kete ya bao, nikajua wazee wa barazani wametega masikio.

"Ni kweli," akasema.

"Hata kama babake kijana ana bendera dirishani?"

Akavaa miwani. Akaiangalia karatasi mbele, akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta kipengele cha kumnusuru. Nyuma palikuwa peupe.

"Bendera haimo," akasema. Kisha, kwa uchungu wa mwandishi: "Nalisahau kuitia."

Adhana ikalia. Nikampa tende na maji. Akafuturu nasi, akala na kaimati saba, na alipoondoka alimwambia mamangu kwamba nikaha iwe mfungo mosi, mara tu baada ya Idi, watu wasiongoje.

Siku ya nikaha alipanda ngazi na mashahidi wawili kuja kuniuliza. Kwa desturi biharusi hunyamaza, akaulizwa tena, akanyamaza, mpaka mashangazi wamsemee. Mimi aliponiuliza kama nampa idhini aniozeshe, nilijibu pale pale: "Nimekupa, ami." Wanawake walicheka na kunifinya. Ami na mashahidi wakaenda msikitini. Tuliobaki tulisubiri, na mimi nikawa na wasiwasi, maana babake kijana angekuwa amekaa pale pale mbele ya macho ya ami, na mkono ni wa mtu, huweza kuurudisha. Mara vifijo vikaanza kutoka mwanzo wa mtaa, vikaja nyumba kwa nyumba, mpaka vikafika kwetu. Ami alikuwa ameutoa mkono. Walisimulia kwamba aliushika wa yule kijana kwa nguvu, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko ya shehe.

Jioni bwana harusi akaletwa kunipa mkono. Mimi nimeketi kitandani, nimejaa asumini, macho chini kama nilivyofunzwa wiki nzima. Mkono wake ulipogusa wangu nikahisi kitu kikavu katikati ya viganja vyetu.

"Ami yako," akaninong'oneza, "alinibandika kiganjani tulipokuwa twashikana. Sijaifungua."

Ilikuwa nusu karatasi, imekunjwa mara nne. Niliikunjua palepale, mashangazi wakiguna. Juu Bismillahi. Hapakuwa na buibui, hapakuwa na majirani wala chama. Chini yake mstari mmoja wa taipureta:

"Mwanangu husoma na huweka. Usimpe neno usiloweza kulitimiza."

Nikainua macho nikamtazama mume wangu. Kisha mimi, biharusi, mbele ya wakwe na mashangazi wote, nikapiga kigelegele changu mwenyewe.