Miti Juu ya Barafu

Lorne Grattan alizaliwa kisiwani, na ujana wake wote barafu ya ziwa haikuitwa burudani. Ilikuwa barabara. Kila Januari yeye na baba yake waliokota miti ya Krismasi iliyotupwa, wakaisimamisha safu moja juu ya ziwa hadi Kingston, mji wa ng'ambo. Penye mti, barafu imeshapimwa kwa mtaimbo. Farasi na mzigo wa nyasi wapite. Na mtu hakupima tena njia iliyowekwa miti na mwenzake. Kupima tena lilikuwa tusi.

Uzeeni alihamia mjini, kwenye chumba kinachotazama ufuo, akawa hana budi kutazama tamasha la majira ya baridi. Watu wazima wenye kofia za masikio ya dubu huteleza ndani ya ua, wakizunguka pale pale kana kwamba wamefungwa kamba. Kando yao kuna kibanda cha kuvulia samaki, cha rangi ya waridi, kisicho na tundu la kuvulia kwenye barafu. Humo hupigwa picha.

"Karibu upige picha na samaki, babu," binti wa tiketi alimwambia.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Ni wa plastiki."

"Bahati yenu. Wa kweli angewacheka."

Mwaka mmoja, siku ya kuzaliwa kwa dada yake Enid, aliyebaki kisiwani, upepo uliizuia feri. Lorne hakuwahi kuikosa pai ya matofaa ya siku hiyo. Akampigia simu.

"Nakuja kwa miguu."

"Kwa miguu gani, kaka? Hiyo inayoshindwa na ngazi?"

"Weka pai mezani."

Alipochungulia dirishani akaona miti, safu nzima, ikielekea kisiwani. Kumbe bado yupo mtu anayejua. Akauacha mtaimbo mlangoni, akashuka, akairuka kamba iliyozuia watu. Kamba ni ya wageni.

Mti wa mwisho ulipokuwa karibu, na ufuo wa mjini bado si mbali nyuma yake, barafu ikafunguka, akazama hadi kifuani.

Waliomtoa ni wale wale wa masikio ya dubu. Walilala kifudifudi, wakamrushia skafu zilizofungwa pamoja, wakamvuta kama gunia. Akawashukuru kwa shida.

"Miti hii nani kaiweka?" alimuuliza kijana wa tamasha aliyemfunika blanketi.

"Mimi, mzee. Usiku tunaitia taa. Inapendeza."

"Ulipima barafu?"

"Ya nini? Si kuna kamba?"

Lorne akamtazama kama anavyotazamwa samaki wa plastiki. Wakampa chokoleti ya moto, tamu ya kuchefua, akainywa kwa kuwa meno yalikuwa yanagongana. Kisha akaazima simu.

"Siji," alimwambia Enid. "Nimezama kidogo."

"Umezama! Ulipima lakini?"

"Palikuwa na miti."



"Hata mimi nisingepima," Enid akasema.